Jina la binti Ufaransa: ile orodha ya serikali haipo

Wengi bado wanaamini kwamba mzazi nchini Ufaransa hana hiari: binti lazima apewe jina lililomo kwenye orodha ya serikali, au la mtakatifu wa kalenda ya Kanisa.

Imani hii haikuzuka hewani. Sheria ya mwaka 1803 iliruhusu tu majina ya kwenye kalenda na ya watu maarufu wa historia ya kale. Mwaka 1966 maofisa wa usajili walielekezwa kulegeza kamba, kisha sheria ya tarehe 8 Januari 1993 ikafungua mlango: mzazi anachagua, ofisa anaandika. Ndiyo maana leo Inaya na Kenza, wenye majina ya asili ya Kiarabu, wanakaa darasa moja na Louise.

Breki bado ipo. Ofisa akiona jina litamuumiza mtoto, analiandika kwanza, halafu anamjulisha mwendesha mashtaka, ambaye anaweza kulifikisha kwa jaji wa masuala ya familia. Huko Valenciennes wazazi walimwita binti yao Nutella, kama ile chokoleti ya kupaka mkate. Mahakama ikakataa, mtoto akawa Ella. Wengine walitaka Fraise, yaani stroberi. Wakaishia Fraisine, jina la kale (kwa masikio yangu, si nafuu kubwa).

Kinachobana zaidi siku hizi ni alama za herufi. Chloé na Zoë hupita bila neno. María mwenye í ya Kihispania hugota, kwa kuwa í haimo kati ya herufi za Kifaransa zinazokubalika kwenye cheti.