Sukari kwa mbwa: inayodhuru polepole na inayoua siku hiyo hiyo

Kila asubuhi saa kumi na mbili, kwenye geti la ploti yetu huku Kahawa West, soja humimina chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, anavunja andazi katikati, nusu yake, nusu ya Simba. Simba hudaka nusu yake hewani na haitafuni. Mwenye ploti akipita hukemea: vitu vitamu vitamletea mbwa minyoo. Mama wa ghorofa ya pili anaamini sukari humpofusha mbwa. Soja naye ana jibu moja tu, kwamba mbwa ni kama mtoto, ukila umkatie.

Tuanze na minyoo, maana hiyo ni rahisi. Sukari haileti minyoo. Mbwa huipata kwa kumeza mayai ya minyoo yaliyo kwenye udongo na kinyesi, kwa kumeza viroboto, kwa kula nyama mbichi yenye vimelea, na watoto wa mbwa huipata kwa mama yao. Dawa yake inauzwa kwenye duka la dawa za mifugo, na mbwa anayekula andazi na asiyekula wote wanaihitaji.

Sukari yenyewe, ile ya kupimiwa dukani, si sumu kwa mbwa. Ulimi wake unaonja utamu na kuupenda. Paka hauonji kabisa, kwa kuwa jeni ya kuutambua utamu iliharibika katika ukoo wake zamani sana. Na tumbo la mbwa limezoea chakula chetu kuliko la mbwamwitu: utafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kusaga wanga. Ndiyo maana mbwa wa Nairobi wanaishi kwa ugali na mabaki bila kuanguka.

Lakini kutokuwa sumu si sawa na kuwa chakula. Mbwa mzima wa kilo 10 anahitaji takriban kalori 600 kwa siku. Andazi moja la kibandani linaweza kufika kalori 200. Madaktari wa mifugo hushauri vitu vya kumfurahisha mbwa visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku, na kwa mbwa huyo hizo ni kalori 60, yaani hata theluthi moja ya andazi haifiki. Kwa hiyo nilimwambia soja, "Mzee, mpe, lakini kiwe kama kidole gumba." Akacheka, akakata. Simba alikidaka vilevile, kwa furaha ileile. Mbwa hahesabu ukubwa wa kipande, anahesabu kwamba amepewa.

Kipande kisipopunguzwa, madhara huja taratibu. Mwili unanenepa, viungo vinauma, mbwa anaanza kuamka kwa kujivuta. Mafuta ya kukaangia, hata zaidi ya sukari, yanaweza kuvimbisha kongosho, na mbwa mwenye ugonjwa huo hutapika na kukunja mgongo kwa maumivu. Meno ya mbwa hayatoboki kirahisi kama ya watoto wetu, ila fizi zake huoza, na vyakula vinavyonata huongeza utando unaoziozesha. Chai ya maziwa ninaipinga waziwazi: mbwa wengi wakubwa hawasagi vizuri sukari ya maziwa, wanaharisha, na majani ya chai yana kafeini.

Yule mama wa ghorofa ya pili je? Hakukosea sana. Mbwa hupata kisukari, na mwenye kisukari mara nyingi hufunikwa na mtoto wa jicho ndani ya miezi michache tu. Lakini kisukari cha mbwa kwa kawaida huja kwa sababu kongosho imeacha kutoa insulini, homoni ya kushusha sukari kwenye damu, si kwa sababu ya andazi moja wala kumi. Unene na uvimbe wa kongosho huweza kukifungulia njia. Akishaupata, anadungwa sindano ya insulini, mara nyingi mara mbili kwa siku, maisha yake yote. Familia nyingi hazina uwezo wa gharama hiyo, na hapo ndipo mbwa hupotea kimyakimya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wengi wakisikia sukari ni mbaya kwa mbwa, huona kitu kisicho na sukari ndicho salama. Kwa mbwa ni kinyume. Kitu tamu cha hatari kuliko vyote nyumbani kinaweza kuwa kile kilichoandikwa kwenye pakiti kwamba hakina sukari.

Kinaitwa zailitoli. Ni kitia-utamu kinachowekwa kwenye chingamu na peremende zisizo na sukari, kwenye baadhi ya dawa za meno, baadhi ya dawa za maji za watoto, na mara nyingine kwenye siagi ya karanga. Kwenye orodha ya viambato jina lake huanza na herufi X, au huandikwa E967. Kwetu sisi hakina neno, na meno yetu yanakipenda. Kongosho ya mbwa inakidhania kuwa sukari halisi na kumwaga insulini kwa wingi. Insulini hiyo inafagia sukari iliyokuwa kwenye damu, na mbwa anabaki hana cha kuendeshea ubongo. Mara nyingi hutokea ndani ya saa moja. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake inatosha kuanzisha hatari, na ikifika gramu 0.5 kwa kilo ini linaweza kufa. Kuna chingamu ambazo kipande kimoja kinakaribia gramu 1.

Jumapili moja jioni kijibwa cheupe cha jirani yetu, cha kilo tano hivi, kilitoa pakiti ya chingamu kwenye mkoba uliowekwa chini. Hakuna aliyeona. Tulichokiona ni miguu ikimtawanyika kwenye vigae kama mtu aliyelewa, kisha akalala ubavu, miguu ikipiga hewa kana kwamba anaogelea. Watu walijaa mlangoni. Mmoja akasema ametegewa sumu ya panya, mwingine akakimbilia maziwa. Daktari aliyepigiwa simu aliuliza swali moja: "Amekula nini?" Binti wa nyumba ndiye aliyeokota karatasi zilizotafunwa chini ya kochi, akasoma viambato kwa sauti, herufi kwa herufi. Daktari akamkatiza: "Mpake asali kwenye fizi, mje sasa hivi." Kile kilichokuwa kinamuua ni upungufu wa sukari, na sukari ndiyo iliyomfikisha kliniki akiwa hai. Alikaa siku mbili kwenye dripu ya glukosi huku ini likipimwa. Alipona.

Chokoleti inajulikana zaidi, ila sababu yake husemwa vibaya. Si sukari yake inayodhuru, ni theobromini iliyomo kwenye kakao, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno: saa 17 hivi zikipita, nusu bado iko kwenye damu. Ndiyo maana chokoleti nyeusi na unga wa kakao wa kuokea ni hatari kuliko ile ya maziwa. Kwa mbwa wa kilo 10, vijiko viwili vya mezani vya kakao halisi vinatosha kuleta kutapika na kuhangaika, na vikizidi moyo huenda mbio na anapata degedege.

Keki zenye zabibu kavu usimpe hata kipande. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuangusha figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachoweza kuitwa salama. Tangu mwaka 2021 madaktari wanashuku asidi ya tartariki, ambayo imejaa pia kwenye ukwaju. Kwa hiyo na ukwaju mtengee mbali. Makadamia, tunazolima kwa wingi Murang'a na Embu, humlegeza miguu ya nyuma na kumtetemesha. Wengi hupona baada ya siku moja au mbili, lakini zikiwa zimepakwa chokoleti ni balaa mbili kwa mpigo. Miwa ya mkokoteni si sumu, shida yake ni nyuzi: mbwa humeza makapi, na makapi huziba utumbo.

Ukitaka kumpa kitamu, mpe ndizi kidogo, papai lisilo na mbegu, tikiti lililotolewa mbegu na ganda, au embe, ila kokwa uitupe mwenyewe kwenye pipa lenye kifuniko.

Na akila kisichofaa, usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu nimeona likifanywa na watu wenye mapenzi mema: chumvi nyingi yenyewe humuua mbwa. Maziwa hayaondoi sumu hizi. Kumtapisha ni kazi ya daktari, na inafaa zaidi kabla dalili hazijaanza, kwa hiyo usimsubiri aonyeshe kuugua. Hapa Nairobi kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete, na madaktari wenye leseni mitaani. Uwe na namba ya mmoja kabla ya siku ya shida. Asali ipakwe tu kama ni zailitoli na mbwa ameshaanza kulegea na bado anaweza kumeza, kidogo kidogo kwenye fizi, mkiwa tayari njiani. Na beba pakiti, hata ikiwa imetafunwa, ili daktari ajue ni kitu gani, kiasi gani, na kimeliwa saa ngapi.