Farumi si mzigo wa kupunguza: ufafanuzi kwa wenye vyombo na wasafirishaji wa Ziwa Victoria

Katika miezi ya karibuni yameongezeka malalamiko ya wafanyabiashara wanaosafirisha mazao, dagaa na vifaa vya ujenzi kati ya Mwanza na visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, kwamba wakaguzi wa vyombo vya majini wanazuia boti ambazo bado zina nafasi na kuamuru mizigo ishushwe. Wapo pia wenye vyombo wanaodai kwamba farumi, yaani yale mawe na vyuma vilivyopangwa chini ya sakafu ya ngama (chumba cha mizigo chini ya sitaha), inawanyima riziki, kwa kuwa uzito huohuo ungeweza kuwa wa saruji inayolipiwa nauli. Tunaamini kwamba wengi wa wanaolalamika hawana nia mbaya, na maelezo haya ya ofisi ya ukaguzi wa vyombo yanatolewa kwa imani hiyo. Hayachukui nafasi ya sheria wala ya masharti yaliyoandikwa katika cheti cha chombo husika.

Nafasi iliyobaki ndani ya boti haimwambii nahodha chochote kuhusu uzito ambao boti hiyo inaweza kubeba, na idadi ya tani peke yake haimwambii kama boti itasimama wima. Jambo linaloamua ni mahali kilipo kitovu cha uzito wa chombo na vyote vilivyomo. Chukua boti ambayo pamoja na mzigo wake ina tani 50. Ukizitoa tani 5 za magunia kwenye ngama na kuziweka juu ya sitaha, mita 2 juu zaidi, hujaongeza hata kilo moja, lakini umekipandisha kitovu cha uzito kwa sentimeta 20. Kanuni za kimataifa za uthabiti wa meli zinataka umbali kati ya kitovu cha uzito na nukta iliyo juu yake inayoitwa metasenta, pale mstari wa msukumo wa maji unapokata mstari wa katikati ya chombo kikiinama kidogo, usipungue sentimeta 15. Kwa hiyo kazi ya nusu saa ya makuli inaweza kumaliza akiba yote ya usalama, huku alama ya ubavuni inayoonyesha mwisho wa chombo kuzama ikiwa bado juu ya maji na kila mtu akiona mambo ni shwari.

Kuna tatizo jingine ambalo halitokani na nahodha, nalo ni lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Orodha nyingi za mizigo tunazoletewa zinahesabu magunia, halafu mtu anazidisha kwa kilo 100 na kuandika jumla. Magunia 60 yanaandikwa tani 6. Ikiwa kila gunia limejazwa kwa kilemba hadi kilo 130, chombo kimebeba tani 7.8, na tani 1.8 hizo zisizoandikwa popote kwa kawaida ndizo zinazorundikwa juu kabisa, kwa sababu chini kumekwisha kujaa. Mchanga uliolowa na mkaa ulionyeshewa mvua nao hauna uzito uliokuwa nao siku uliponunuliwa. Tunaambiwa kwamba mzoefu hupima kwa jicho. Hoja hii tumeisikia mara nyingi mno, na jibu letu ni lilelile: jicho halipimi kilo. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena lolote linalopakiwa kwenye meli za safari za kimataifa ni lazima liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa, na wanaolitekeleza sharti hilo ni mabaharia wenye uzoefu mrefu.

Sasa tuje kwenye farumi yenyewe. Chombo chenye kibanda kirefu na mashine nyepesi huhitaji uzito wa kudumu karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo) ili kikilazwa na wimbi kirudi. Mwenye boti anayesema kwamba saruji itafanya kazi ya mawe anasahau kwamba saruji inashushwa Nansio, bandari ya Ukerewe. Wakati wa kurudi ngama ni tupu, abiria wamekaa juu, na chombo ambacho asubuhi kilikuwa imara sasa kinayumba kwa upepo mdogo. Wanaotumia matangi ya maji badala ya mawe wana tahadhari yao: tangi lijazwe kabisa au liachwe tupu kabisa, kwa maana maji yaliyojaa nusu hukimbilia upande uleule ambao chombo kimelalia na kuzidi kukilaza.

Kijana mmoja pale Kirumba alituuliza kwa kejeli kama hata wanaopeleka vyakula angani wanabeba mawe. Swali ni zuri kuliko alivyokusudia. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chenye uzito wa takriban tani 420, hupelekewa shehena kwa vyombo kama Progress cha Urusi, kinachobeba takriban tani mbili na nusu kwa safari, na kila mfuko unaopakiwa hupimwa na kupangiwa mahali pake. Roketi na injini ndogo za kuongoza chombo zimekokotolewa kwa kitovu cha uzito kinachojulikana. Kikisogea kupita kiwango, chombo hupinda au hutumia mafuta zaidi kujinyoosha. Shehena isipotosha kukiweka kitovu hicho mahali pake, wahandisi huongeza uzito usio na kazi nyingine, nao ni farumi. Ni kweli kwamba vitu huelea ndani ya kituo, lakini tungamo lake, yaani wingi wa maada, halipotei, na kulisukuma kunahitaji nguvu ileile. Hata taka zinazopakiwa katika chombo cha kuondoka hupangwa kwa mizani.

Ziwani kwetu kuna mzigo mwingine ambao haukubali kufungwa kamba, yaani watu. MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ilikuwa na idhini ya abiria 430 na ilikuwa imebeba wengi zaidi. MV Nyerere, yenye idhini ya abiria 101 na tani 25 za mizigo, ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imejaza kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa. Abiria wanapokimbilia ubavu mmoja gati likikaribia, kitovu cha uzito kinakwenda nao.

Kuhusu utaratibu, mwenye chombo anayetaka kupunguza, kuongeza au kuhamisha farumi, kujenga ghorofa, au kubadili injini, anawajibika kuomba kibali kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, akiambatanisha michoro na nakala ya cheti. Baada ya kazi, chombo hufanyiwa jaribio la kuinamishwa: kinafungwa kwa kamba zilizolegea mahali penye maji matulivu, matangi yanakaguliwa, watu wasiohusika wanashuka, kisha mawe yaliyopimwa yanahamishwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kwa umbali uliopimwa, na timazi ndefu inaonyesha chombo kimeinama kiasi gani. Siku yenye upepo jaribio huahirishwa, na kuahirishwa huko si mbinu ya kuomba chochote. Matokeo ndiyo yanayoweka kiwango cha mzigo katika cheti kipya. Cheti cha awali hakitumiki tena kuanzia siku farumi ilipoguswa, hata kama muda wake haujaisha.

Chombo kitakachokutwa na farumi pungufu au mzigo uliozidi kitazuiwa kuondoka hadi kasoro irekebishwe, na gharama za kushusha na kuhifadhi mzigo ni za mwenye chombo, si za ofisi. Cheti chaweza kusitishwa au kufutwa, na nahodha pamoja na mmiliki wanaweza kufikishwa mahakamani, kila mmoja kwa nafasi yake. Kauli ya nahodha kwamba aliamriwa na tajiri haimwondolei shitaka.

Mfanyabiashara ambaye mzigo wake umeshushwa anaweza kuomba nakala ya taarifa ya ukaguzi, na asiporidhika awasilishe pingamizi kwa maandishi, akiambatanisha risiti ya mizani. Pingamizi lisilo na risiti hiyo hupokelewa, lakini huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa inabidi magunia yapimwe upya moja baada ya jingine.