Faini inayomfuata mfungwa gerezani

Msomaji wa Kenya au Tanzania amezoea hukumu ya "faini, au kifungo cha miezi sita". Asiyelipa huenda jela, na kifungo hicho huchukua nafasi ya faini. Katika mahakama za shirikisho za Marekani mtu anaweza kupewa vyote viwili kwa kosa moja, na siku anazokaa ndani hazipunguzi hata senti ya faini. Basi deni huanza kudaiwa mwenyewe akiwa bado amefungwa.

Idara ya Magereza ya Shirikisho ina mpango maalumu wa kazi hiyo tangu 1987. Mfungwa hukaa na maofisa wa kitengo chake na kukubaliana atakachotoa, kwa kawaida si chini ya dola 25 kila miezi mitatu. Fedha hizo hulipa kwanza tozo ya mahakama, dola 100 kwa kila kosa kubwa, kisha fidia ya waliodhulumiwa, ndipo faini ifikiwe.

Dola 25 zinaonekana kidogo mpaka ujue ujira wenyewe. Kazi za kawaida, kama kupika na kufagia, hulipa kuanzia senti 12 kwa saa. Kwa ujira huo, dola 25 ni zaidi ya saa 200 za jasho. Walio kwenye viwanda vya magereza hupata zaidi, ila wengi wao hutakiwa kutoa nusu ya mapato yao.

Kwa hiyo mzigo huangukia nyumbani. Fedha anazotumiwa na mama au mke nazo huhesabiwa, isipokuwa dola 75 kwa mwezi zinazoachwa ili aweze kupiga simu. Hata urithi akiupata akiwa ndani, sheria humtaka auelekeze kwenye deni.

Mpango unaitwa wa hiari. Lakini anayekataa hupewa malazi ya daraja la chini kabisa, hupunguziwa ununuzi katika duka la gereza, na ujira wake hushushwa hadi dola chache kwa mwezi. Kwangu mimi, hiyo si hiari. Fidia ya aliyeibiwa naielewa; faini inayokwenda serikalini, ikikamuliwa kutoka kwenye mkoba wa mama wa mfungwa, inanisumbua.

Akitoka, deni hutoka naye. Faini huendelea kudaiwa kwa miaka 20 baada ya kuachiliwa, na hukoma mapema ikiwa amelipa au amefariki.