Uyoga unakuwa kama kandambili kwa sababu ya unavyoupika

Kuna dada mmoja hapa Moshi ana presha, nikamwambia apunguze nyama ya kukaanga ajaribu uyoga. Wiki iliyofuata karudi kanuna, "Dokta, ule uyoga wako nimetafuna kama kandambili." (Mimi ni mtu wa lishe tu, sio daktari, ila nimechoka kusahihisha.) Kumuuliza kaupikaje, kumbe aliuloweka kwenye beseni kama maharage, akamwaga mafuta ya kutosha, akatia kilo nzima sufuria moja na chumvi juu.

Sasa uyoga mamama huu mweupe wa kulima karibu asilimia 90 ni maji tayari, afu kwa ndani uko kama sponji, ukikutana na mafuta ukiwa mbichi unayanywa yote, unaona pamekauka unaongeza tena, yaani chakula ulichotaka kiwe chepesi kinashindana na chipsi.

Mimi siuloweki. Naupitisha kwenye maji ya bomba chapchap, nafuta na kitambaa, nauchana kwa mkono kufuata nyuzi zake. Fraipani ipate moto kweli, bila mafuta, natia uyoga kidogo kidogo usibanane. Mwanzoni unatoa maji mpaka unahisi umeharibu, tulia, usiyamwage, yaache yakaukie humohumo, utasikia sauti ya kuchemka inaisha unaanza kulia tsss na kingo zinakuwa kahawia. Hapo ndo kijiko kimoja cha mafuta, swaumu, karoti, na mnafu nilioshauchemsha. Chumvi mwisho kabisa, maana uyoga unasinyaa sana na ukitia mapema kwa kukadiria ule mlima wa mwanzo utakula chumvi tupu, na kwa mtu wa presha hiyo sio mchezo. Wenyewe una utamu wake kama wa supu ya nyama kwa hiyo hata haihitajiki nyingi.

Ila tusidanganyane, uyoga sio nyama. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 3 hivi, maharage yaliyoiva yanaupita mbali, so usiyatoe mezani, ule kwa kiburu chako (ndizi na maharage) au ugali wa dona na maharage pembeni.

Kabla ya kupika uanike juani mchana nusu saa mpaka saa moja, vile vikunjo vya chini viangalie juu, unatengeneza vitamini D wenyewe. Na huo wa kwenye kachumbari mbichi achaneni nao, ukuta wa seli zake una kitu kilekile kilichoko kwenye gamba la mdudu, tumbo linahangaika.

Wa porini wakati wa masika mimi siugusi. Bibi yangu alikuwa anaujua, mimi siujui, na kuna sumu ya uyoga ambayo haiishi hata ukichemsha mpaka kesho, inaweza kukaa kimya masaa 6 mpaka 12 au zaidi ndo utapike, afu unapata nafuu unadhani umepona kumbe ini linaharibika. Ukishaula ukapata wasiwasi usingoje kuumwa, kimbia hospitali na ubebe kipande kilichobaki.