Je, wajua kwa nini kijana wa Goma aliyekataa rushwa anaitwa mfiadini?

Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua bidhaa, hapo Goma mpakani na Rwanda. Julai 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Kosa lake ni kukataa dola ili apitishe chakula kilichooza.

Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu, huko Roma katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mji wake ukiwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari. Alitangazwa kuwa mfiadini, yaani ameuawa kwa chuki dhidi ya imani. Lakini waliomuua hawakumtaka amkane Kristo. Walitaka mzigo upite. Imani inaingiaje kwenye magunia?

Swali hili ni la zamani. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kama imani peke yake ndiyo sababu ya ufiadini, akamkumbuka Yohane Mbatizaji. Herode hakumwambia Yohane aabudu sanamu. Yohane alimkanya kwa kumchukua mke wa ndugu yake, na kwa hilo akakatwa kichwa. Kanisa likamheshimu kama mfiadini bila kusita. Basi, akasema Thoma, kila tendo jema linalofanywa kwa ajili ya Mungu ni njia ya kuiungama imani. Anayekufa kwa ajili ya tendo hilo amekufa kwa ajili ya imani.

Mimi naona hapa ndipo mahubiri yetu mengi kuhusu vishawishi yanapopwaya. Tunahubiriwa pombe na uzinzi mpaka basi, lakini matabishi ya ofisini, yaani vijirushwa, yanapita kimya, kwa kuwa kila mtu ana watoto wa kulisha na mshahara haueleweki. Na kweli, jaribu la kwanza la Yesu jangwani halikuwa ukafiri: lilikuwa mkate, na alikuwa na njaa. Majibu yake yote matatu aliyatoa katika Kumbukumbu la Torati, maneno aliyokwisha kuyaweka moyoni kabla njaa haijamfika.

Floribert naye hakuanza kujiandaa siku ya mzigo. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki waliozoea kusali pamoja, na alikuwa rafiki wa maibobo, watoto wanaolala mitaani Goma. Mtu anayewajua watoto hao kwa majina anajua vizuri chakula kibovu cha bei rahisi huishia tumboni mwa nani. Papa Fransisko, alipozungumza na vijana Kinshasa mnamo Februari 2023, alimtaja Floribert akasema kwamba angeweza kuacha mzigo upite bila mtu kujua, lakini alisali na kuwafikiria wengine.

Tena kukataa mara moja hakukumaliza kishawishi. Alizidi kushinikizwa, kama Luka anavyoandika kwamba Ibilisi alimwacha Yesu kwa muda tu.

Kwa mfiadini, muujiza haudaiwi ili atangazwe mwenyeheri. Ili Floribert aitwe mtakatifu, kwa kawaida unahitajika mmoja uliothibitishwa, uliotokea baada ya siku ile ya Juni.