Kwa nini wazazi ni wachache kwenye orodha ya watakatifu?

Chukua kalenda ya Kanisa Katoliki, ile inayotundikwa sebuleni, upitie majina: shahidi (yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani), askofu, bikira, abati (mkuu wa monasteri), padre, shahidi tena. Mwenye mume, wakwe, ada za shule na maharage yanayoungua jikoni utamtafuta sana. Je, ina maana nyumbani hakuna utakatifu? Kanisa halifundishi hivyo hata kidogo. Tatizo liko kwenye utaratibu: mtu hutangazwa pale tu palipo na wengine wa kulibeba jina lake.

Mchakato huanzia jimboni, na kwa kawaida ni lazima ipite miaka mitano tangu mhusika afariki. Lazima awepo wa kuuomba, wa kukusanya maandishi, kutafuta mashahidi, kulipia gharama, na kuendelea kufuatilia hata waliouanzisha wakishakufa. Kama hakuuawa kwa ajili ya imani, unatakiwa muujiza mmoja ili aitwe mwenye heri, kisha mwingine ili aitwe mtakatifu. Shirika la watawa lina vyote hivyo: nyaraka kabatini, masista wa kurithishana kazi, na subira ya karne nzima. Mama wa watoto saba aliyefariki kule Rombo ana nini? Ana watoto wanaomkumbuka na wajukuu wanaomchanganya na shangazi yake.

Kwa hiyo ukikutana na mtakatifu wa nyumbani, uliza kwanza nani aliyeandika habari zake. Mimi jibu la swali hilo hunivutia kuliko miujiza yenyewe.

Monika, ambaye jumuiya ndogondogo zenye jina lake zimejaa parokiani kwetu, tunamjua kwa sababu mwanawe Augustino alijua kushika kalamu. Na katika kitabu chake, Maungamo, hakutuletea mama wa kwenye sanamu. Anasimulia kwamba Monika alipokuwa binti, kwao Thagaste, Algeria ya leo, alikuwa akitumwa kuchota divai pipani. Akaanza kwa kuonja kwa ncha ya midomo, utundu tu wa kitoto. Siku ya pili akaongeza, mpaka akawa anagida karibu kikombe kizima. Hakuachishwa na padre wala mzazi. Kijakazi aliyekuwa akifuatana naye, siku waliyogombana, alimwita mlevi. Neno likamchoma, akaacha. Baadaye akaolewa na Patrisi, mwanamume wa hasira za karibu, na kukuta mama mkwe aliyekwisha kujazwa maneno na vijakazi. Monika alimshinda kwa upole wa muda mrefu, hadi mkwe mwenyewe akawashtaki wachonganishi kwa mwanawe, nao wakachapwa. Augustino anayaeleza hayo bila kupepesa macho.

Zita wa Lucca, Italia, hakuwa na mtoto wa kumwandika. Aliingia kwa familia ya Fatinelli akiwa na miaka 12, akawa msichana wa kazi humo mpaka alipofariki mwaka 1272: miaka 48 ya kupika, kuosha na kutumwa. Wengi hupenda hadithi ya mikate iliyookwa na malaika wakati yeye yuko kanisani. Mimi nawatazama matajiri wake. Ukoo ule ule uliompa ufagio ndio ulioendeleza heshima yake katika kanisa la San Frediano, ulipo mwili wake hadi leo, na mwaka 1696 Roma ikamthibitisha. Sikukuu yake ni tarehe 27 Aprili, naye ni msimamizi wa wafanyakazi wa ndani. Mwenye dada wa kazi kwake aiweke tarehe hiyo kwenye simu, na siku yenyewe ampe mapumziko.

Mume na mke kutangazwa watakatifu pamoja, kama wanandoa, ni jambo ambalo Kanisa halikuwahi kulifanya hadi tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko alipowatangaza Louis na Zélie Martin wa Ufaransa. Louis alikuwa fundi saa. Zélie alikuwa na biashara yake mjini Alençon: wanawake walishona vipande vya lesi majumbani kwao, naye akaviunganisha kwa sindano, mshono usionekane. Ilipokua, Louis aliuza duka lake la saa akamsaidia mkewe hesabu na wateja. Karne ya 19 hiyo!

Walizaa watoto tisa, wakazika wanne. Barua za Zélie zilizobaki ni zaidi ya 200, nyingi kwa kaka yake na kwa binti zake, na ndizo zilizombeba. Ndani yake analalamika kwamba oda zikizidi anakuwa mtumwa wa lesi. Anasumbuka kwa kukosa maziwa ya kunyonyesha, ikabidi kitindamimba Teresia, aliyezaliwa 1873, apelekwe kwa mama mnyonyeshaji kijijini. Anakosa usingizi juu ya Léonie, mtoto ambaye shule zilikuwa zikimrudisha nyumbani. Alifariki mwaka 1877 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 45. Louis naye uzeeni alipata maradhi ya akili, akakaa hospitalini Caen kwa miaka mitatu. Kama Teresia asingekuwa yule mtawa, Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, anayejulikana dunia nzima, nani angezifungua barua za mshona lesi?

Ukitaka mtakatifu wa kumshika mkono siku mtoto ameitiwa mzazi shuleni, basi ni Zélie. Léonie alijaribu utawa mara tatu akatoka, akabaki mara ya nne, mwaka 1899. Mchakato wake mwenyewe ulifunguliwa 2015.

Mwaka huo huo Kigali nako kulifunguliwa mchakato wa mume na mke, Cyprien na Daphrose Rugamba. Cyprien alikuwa mshairi na mwanamuziki maarufu, na kwa miaka mingi ndoa yao ilikuwa na maumivu makubwa. Imani aliirudia akiwa mtu mzima, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Daphrose kumwombea muda mrefu. Wakaanza kuwalisha watoto wa mitaani. Tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, waliuawa nyumbani kwao pamoja na baadhi ya watoto wao. Safari hii hakuna mtawa maarufu aliyetokea kwenye nyumba hiyo. Mashahidi wa kutoa habari zao ni watu waliokula nao, walioimba nao na waliowaona wakigombana kabla hawajapatana.