Kukwangua uyoga hakuponyi ubao wa mtumbwi

Kuna ujumbe unaozunguka miaka mingi kwenye magrupu ya wenye mitumbwi huku Mwanza: mbao huozeshwa na maji, uyoga ni uchafu wa juu tu, ukwangue, paka oili chafu, ubao umepona. Si kweli, na kwa mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani ni hatari.

Uyoga unaouona ni sehemu ya kutoa vijimbegu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba ambazo zimeshapenya ndani. Nyuzi hizo hutoa vimeng'enya, kama lakase na peroksidase, vinavyovunja lignini, ile gundi inayoshikanisha mti. Lignini imejengwa kwa pete zenye atomi 6 za kaboni kila moja, ngumu kweli kuvunjika, na ni viumbe wachache wanaoiweza. Lakase hutumia oksijeni. Peroksidase hutumia hidrojeni peroksidi, ambayo kuvu hujitengenezea. Lignini ikiisha, ubao hubaki mweupe, laini, wa kuchambuka.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu ubao uliooza huwa umelowa, basi lawama zote huenda kwa maji. Kuvu huhitaji unyevu, ndiyo, lakini pia hewa. Tazama nguzo za gati: mara nyingi huoza kwanza usawa wa maji, si kule chini kusiko na oksijeni ya kutosha.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Chukua bisibisi, uchome kuzunguka palipoota uyoga. Ikizama kirahisi, ubao ukatwe mpaka kwenye mti mgumu na kipande kipya kiwekwe.